Simama Palepale

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya wapiga picha wa ridhaa, wazee na vijana, siku ya mkutano wetu hapa shuleni Moshi. Tumeyachapa kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Nimeombwa nizungumze juu ya upigaji picha wa mandhari, na hasa juu ya lenzi. Sababu naijua. Tangu asubuhi wenye kamera wamekaa kivulini wakionyeshana vyombo vyao. Huyu ana lenzi ndefu kama mkono wa mtoto, yule ana lenzi ya chuma aliyorithi kwa mjomba, mwingine ana simu tu na haoni haya. Na swali linalozunguka ni lilelile: lenzi ipi iliyo bora?

Swali hilo nitalijibu. Lakini fundi hawezi kuambiwa achague msumeno kabla hajaambiwa anakata nini. Kwa hiyo niwieni radhi nianze na kazi yenyewe, ndipo nije kwenye chombo. Na kazi yetu sisi tuliosoma hapa haihitaji kutafutwa mbali. Tokeni nje ya ukumbi huu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, mwinue macho kaskazini. Iko pale.

Mlima uliokataliwa

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akisafiri kutoka pwani kuja Uchagga, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, aliambiwa kuwa ni baridi. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa sahihi. Wenyeji wa mteremko huu hawakungoja mgeni awaambie kilichoko Kibo.

Lakini habari hiyo ilipofika Uingereza, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, aliikataa. Alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba macho ya Rebmann yalimdanganya. Cooley mwenyewe hakupata kufika huku. Ubishi ule ulidumu zaidi ya miaka kumi, mpaka Karl Klaus von der Decken alipokuja mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, na tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapanda sehemu ya mlima na kupima. Majina ya baadhi ya watu hao mnayajua, maana ndiyo yaliyopewa barafu za upande huu wa kusini: Rebmann, Decken, Kersten, na jirani yao Heim.

Hebu fikirini jambo hilo. Rebmann alikuwa na macho na alikuwa na kalamu. Hakuwa na picha. Mtu aliyekaa kitini kilomita elfu kadhaa kutoka hapa akaweza kumwambia kuwa hakuona alichokiona.

Leo ubishi umegeuka upande wa pili. Hapana abishaye kuwa barafu ilikuwapo. Tunabishana imebaki kiasi gani, na inakwenda kwa kasi gani. Safari hii picha ziko. Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walifika mlimani, na picha walizopiga ndizo zilizomwezesha Klute kuchora ramani ya barafu ya Kibo. Kwa ramani hiyo barafu ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Baadaye zikafuata picha zilizopigwa kutoka angani. Mwaka 2011 eneo lilikuwa limeshuka chini ya kilomita za mraba 2. Katika kila sehemu 6 alizoziona Klute, 5 zimekwisha.

Vilevile mjihadhari na wanaotabiri kwa haraka. Mwaka 2002 wanasayansi waliochimba barafu ya Kibo waliandika kwamba, mambo yakiendelea vile, barafu ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita na barafu ingalipo. Mwaka 2022 UNESCO nayo ilitoa makadirio yake, kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya zitakwisha ifikapo mwaka 2050. Kama makadirio hayo ni sahihi au si sahihi, atakayejua ni kijana wa kidato cha kwanza aliyekaa pale nyuma, kwa sababu mwaka huo utamkuta hajafika umri wa kustaafu. Nataka siku hiyo awe na kitu mkononi, asije akasema tu kwamba anakumbuka.

Picha ipi ni shahidi?

Sisi wapiga picha wa ridhaa tumeupiga mlima huu mara maelfu. Tumeupiga jua likichomoza na jua likizama, tumeupiga na twiga mbele yake na bila twiga. Nyingi ya picha hizo ni nzuri sana. Lakini ukiziweka mezani na kuuliza, "Hii ilipigwa wapi, lini, na kwa lenzi gani?" utajibiwa, "Nadhani ilikuwa miaka ya sabini, upande wa huko Himo." Shahidi wa namna hiyo hakimu humwambia akae chini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha nayo ni mali.

Kuna watu waliofanya kazi hii sawasawa, na yafaa tuwajue. Mwaka 1906 mpiga picha Mwitalia Vittorio Sella alifuatana na msafara wa Mtawala wa Abruzzi kwenye milima ya Rwenzori, pale Uganda na Kongo zinapopakana. Milima ile hujifunika mawingu karibu mwaka mzima, na mpiga picha hana la kufanya ila kungoja. Picha alizorudi nazo Sella bado zinatunzwa kwao Biella, na mpaka leo ndizo watu wanazolinganisha na hali ya sasa. Barafu ya Rwenzori, iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba 6 au 7 wakati huo, ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwaka 2003.

Mwingine ni Homer Shantz, mtaalamu wa mimea kutoka Marekani. Alipita Afrika kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1919 na 1920, akipiga picha za mbuga, mashamba na misitu. Kisha akarudi mwaka 1956 na 1957, wakati huo akiwa na umri wa miaka 80, akatafuta mahali palepale aliposimama zamani, akapiga tena. Katika jozi zile unaona mti uliokufa na mti uliokua, pori lililolimwa na shamba lililorudi kuwa pori. Mzee yule hakuwa na lenzi ya ajabu. Alikuwa na daftari.

Basi shahidi ana sharti la kutaja mambo manne: mahali, tarehe na saa, lenzi, na upande kamera ilikoelekea. Asiyetaja hayo amepamba ukuta wake tu. Si vibaya kupamba ukuta, lakini tujue tunafanya lipi.

Ukiwa na picha ya zamani isiyo na daftari, bado kuna njia ya kupatafuta mahali ilipopigwa. Tazama upande wa kushoto wa picha, tafuta vitu viwili vinavyogusana, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali. Mathalani pembe ya paa na kilele cha kilima. Fanya hivyo tena upande wa kulia. Kisha nenda uwanjani, usogee mpaka jozi ya kushoto igusane kama ilivyokuwa na ya kulia igusane pia. Mahali hapo ni pamoja tu. Mpiga picha wa zamani alisimama hapo, na nyayo zako ziko juu ya zake.

Sasa tuje kwenye lenzi

Nianze na jambo linalowapoteza wengi. Lenzi haikisogezi kitu. Kinachosogeza vitu ni miguu yako. Lenzi huchagua tu ukate kipande gani cha kile kinachoonekana kutoka pale uliposimama.

Tufanye hesabu, maana walimu wapo. Kutoka hapa Moshi hadi kilele cha Kibo ni kilomita 31 hivi kwa mstari wa moja kwa moja, na kilele kiko mita 5,000 hivi juu yetu. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ina kidirisha cha milimita 24 kwa 36, na kamera za kisasa zenye kihisi kamili zina kipimo hichohicho. Kwa lenzi ya milimita 50, mlima mzima kutoka hapa hadi kileleni utachukua milimita 8 tu za kimo cha picha. Kofia ya barafu na mawe ya juu, kama mita 1,000 za mwisho, itachukua chini ya milimita 2. Ndiyo sababu mtu hurudi nyumbani na picha ambayo ndani yake mlima uliomjaza macho umekuwa kichuguu. Ukitumia lenzi pana ya milimita 28, au simu, ambayo lenzi yake kuu aghalabu ni sawa na ya milimita 24 hadi 26, mlima unapungua tena nusu.

Weka lenzi ya milimita 200, na zile mita 1,000 za juu zitachukua milimita 6 na nusu hivi. Sasa unaweza kuitenga barafu ya Kersten na ya Decken. Kwa hiyo wenye lenzi ndefu wana haki yao. Lakini lenzi ndefu hukuza kila kitu, hata mtetemo wa mkono wako, hata vumbi na joto linalochezacheza hewani katika kilomita hizo 31. Ukiishika mkononi, shata yako isiwe ya polepole kuliko 1/250 ya sekunde. Na afadhali zaidi ni stendi ya miguu mitatu, nayo ining'inizwe mfuko wa mawe katikati ili isitikisike. Hapana lenzi, hata ya bei ya ng'ombe watano, iwezayo kupenya ukungu wa saa sita mchana. Piga mapema.

Jaribio jingine wanafunzi wanaweza kulifanya jioni ya leo. Tafuteni mti wenye kimo cha mita 10. Simameni mita 30 kutoka kwake, mkiwa mmeuweka kati yenu na mlima: mti utauzidi mlima kimo mara mbili. Rudini nyuma hadi mita 60 hivi: vitalingana. Rudini hadi mita 120: mlima utauzidi mti mara mbili. Pigeni picha kwa lenzi yoyote mtakayo. Uwiano huo hautabadilika. Atakaye mlima mkubwa nyuma ya mnara wa kanisa au wa msikiti, arudi nyuma kwanza, kisha ndipo aweke lenzi ndefu ya kukata kipande hicho. Mwenye kuelewa jambo hili amejifunza nusu ya upigaji picha wa mandhari, na halikumgharimu senti.

Juu ya tundu la lenzi nitasema machache. Kwa mandhari tundu la 8 au la 11 hutosha kabisa. Ukifunga hadi 22 ukidhani utapata ukali zaidi, nuru inayopita katika tundu dogo mno hujitawanya, na picha yote hulegea kidogo. Kwa lenzi ya milimita 28 yenye tundu la 11, ukiilenga mita 2 na nusu mbele yako, kila kitu kuanzia mita moja na robo hivi hadi kileleni kitaonekana safi. Basi ua lililo karibu na barafu iliyo mbali vinaweza kukaa katika picha moja bila kugombana.

Hali kadhalika, kipima mwanga cha kamera ni mtumishi mtiifu asiye na akili. Hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ukiwa huku chini, ambako miti na mashamba vimejaa karibu picha nzima, hufungua mwanga kwa ajili ya miti, na theluji ikaungua ikawa doa jeupe lisilo na kitu ndani. Punguza basi kidogo. Ukiwa juu, barafu imejaa picha nzima, mambo hugeuka: kipimo kitaifanya theluji iwe majivu, hapo ongeza. Na wale mnaopenda picha nyeusi na nyeupe, kichujio cha manjano au cha rangi ya chungwa kitalitia anga giza na kuitokeza barafu. Ila kiandikwe daftarini, asije mtu baadaye akadhani kulikuwa na dhoruba.

Basi lenzi ipi iliyo bora? Kwa kazi niliyoieleza, bora ni ile utakayokuwa nayo mwaka ujao, na mwaka wa kumi, ukaiweka palepale. Lenzi moja isiyovuta, ya milimita 50, na nyingine ya milimita 135 au 200, zinatosha shule nzima.

Jua, theluji na msitu

Wapo walioshangaa kwa nini picha zao za Juni za upande huu wa kusini huwa hazina uhai. Kamera haina kosa. Shule yetu iko nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta. Kuanzia mapema Oktoba hadi karibu katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita kusini yetu, na barafu za upande wetu hupata nuru. Miezi mingine jua huwa kaskazini, na uso tunaoutazama sisi hukaa kivulini sehemu kubwa ya siku. Kwa hiyo atakayelinganisha alinganishe Januari na Januari, wala si Januari na Juni.

Jambo la pili ni theluji mpya. Baada ya mvua, Kibo huamka amevaa shuka jeupe mpaka chini kabisa, na wiki moja baadaye shuka limekwenda. Hiyo ni theluji ya msimu, si barafu ya kale. Mwaka 1993 na mwaka 2000, mwezi wa Februari mara zote mbili, satelaiti ilipiga picha za kilele, na picha hizo mbili zikazunguka dunia nzima kama ushahidi wa barafu iliyotoweka katika miaka 7. Sehemu kubwa ya tofauti yake ilikuwa theluji ya msimu tu. Barafu ilikuwa inapungua kweli, lakini jozi ile haikuwa shahidi mwema, na wabishi wakapata mlango wa kuingilia. Ukweli ukitetewa kwa ushahidi mbovu, huonekana kama uongo. Ngojeni siku ambazo theluji mpya imekwisha, ndipo mpige.

Tena picha husema kilichotokea. Haisemi kwa nini. Juu kule kuna baridi ya kugandisha mwaka mzima, na sehemu kubwa ya barafu huondoka kwa kupigwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya huku imekuwa kavu zaidi, na theluji mpya, ambayo ndiyo mwavuli wa barafu ya zamani, imekuwa haba. Uhusiano wa hayo na joto la dunia, wataalamu wameujadili kwa miaka mingi. Mpiga picha asiwachukulie kazi yao. Yeye awaletee picha safi.

Na sasa neno ambalo huenda litawakera wapenzi wa kilele. Watu wengi huamini kwamba maji ya mifereji yetu hutoka kwenye barafu. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya mlima huu hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, ule mshipi wa kijani kibichi tunaouruka kwa macho ili tufike kwenye cheupe. Msitu huo umepata majeraha yake. Moto umeusukuma mpaka wake wa juu ukashuka, na sote tunakumbuka moshi wa Oktoba 2020 na wa Oktoba 2022. Barafu ikiisha tutapoteza uzuri na kumbukumbu. Msitu ukiisha tutapoteza migomba, kahawa na maji ya kunywa. Lakini nani kati yetu ana picha 20 za msitu zilizopigwa mahali pamoja? Lenzi zetu zote zimeelekea kwenye kofia, tumemsahau aliyeivaa.

Masanduku yaliyo chini ya vitanda

Wazee wangu, sasa nasema nanyi. Kila mmoja wenu aliyekuwa na kamera ana sanduku. Ndani mna negativu, slaidi, na picha zilizogandana. Satelaiti za kwanza za kiraia za kuchunguza ardhi zilianza kazi mwaka 1972, na picha za awali hazikuonyesha mambo madogo. Kwa hiyo mzee aliyepiga picha ya mlima kutoka uwanja huu kabla ya hapo ana kitu ambacho hakuna chuo kikuu kinachoweza kukinunua dukani.

Lakini vitu hivyo vinakufa. Picha za rangi za miaka ya sabini zinageuka nyekundu. Filamu za zamani zikianza kunuka siki, zinaoza, na zitaambukiza jirani zake. Negativu nyeusi na nyeupe iliyooshwa vizuri hudumu kuliko zote. Slaidi za Kodachrome hutunza rangi yake gizani miaka mingi, lakini filamu hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 2009, na usafishaji wake ulikoma mwishoni mwa mwaka 2010, hazitakuwapo nyingine. Ziondoeni kwenye plastiki laini, ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu pasipo joto. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli, si kwa kalamu ya wino: mahali, mwaka, lenzi kama mnaikumbuka. Na mziandike wenyewe, maana baada yenu atakayeandika atakuwa anakisia.

Na wenzetu mnaoishi Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mtazame lenzi zenu dhidi ya taa. Mkiona nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Mfuko wa ngozi hutunza unyevu; ni nyumba ya kuvu. Wekeni lenzi kwenye kopo lenye mfuniko mzuri pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na mara kwa mara muitoe ipate mwanga na hewa. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta. Ncha ya shati si kitambaa cha lenzi.

Ninachoomba

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kutoa maneno matupu. Naomba mambo matatu.

Kwanza, pachaguliwe mahali pamoja katika uwanja wa shule panapoonyesha Kibo na mshipi wa msitu, pajengwe nguzo fupi ya saruji yenye msumari wa kukazia kamera juu yake. Nguzo ikishajengwa, kila picha itajua iliposimama.

Pili, sisi tuliokwisha kupata riziki tuchange kamera moja na lenzi mbili nilizozitaja, zikae kwa mwalimu wa jiografia, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Kila Jumatatu asubuhi ikiwa kilele kiko wazi, mwanafunzi wa zamu apige picha mbili: moja ya kilele, moja ya msitu. Aandike daftarini tarehe, saa, lenzi, tundu na jina lake. Kukiwa na mawingu, aandike "mawingu". Hilo nalo ni ushahidi.

Tatu, wazee mlete masanduku. Vijana wana mikono miepesi. Wakipewa meza ya mwanga na lenzi ya kupigia vitu vidogo, watanakili negativu mia kwa siku na kuwarudishia zenu siku hiyohiyo. Kila kitakachotolewa kiandikwe, na kila kitakachorudi kitiwe sahihi, ili asiwepo wa kulalamika. Lenzi nazo tuziazime kwa utaratibu huohuo. Kuna lenzi nyingi nzuri zinazolala kabatini kwa sababu mwenyewe magoti yamemkataza kupanda, na kuna kijana mwenye magoti asiye na lenzi.

Vijana, kazi hii haina sifa za haraka. Picha ya kwanza kutoka kwenye nguzo itakuwa ya kawaida sana. Ya hamsini itafanana na ya kwanza, na mwanafunzi wa zamu atauliza ina faida gani. Mjibuni kwamba faida yake haiko katika hiyo moja. Jina lake litakuwa kwenye daftari, mstari wa hamsini, na siku moja atakuja mtu mwenye swali juu ya mlima huu, atafungua daftari, na hataweza kuambiwa na yeyote kwamba macho yake yalimdanganya.